Nazi Yenye Unga Mwekundu

Mimi ni mwalimu wa kisomo hapa Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Nawafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Hadithi hii naiandika nikiwa na hasira. Nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, na mbele utaona kwa nini.

Ilikuwa mwaka wa 1946. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja nyuma. Katika ua mmoja karibu na kivuko aliishi Gershom Randu na mke wake, Nyevu. Gershom alikuwa kibarua. Alimsaidia fundi kujenga ngazi za mawe pale watu wanaposhukia kivukoni. Nyevu alilima mihogo, akaichoma na kuwauzia abiria. Walikuwa na mtoto mmoja wa miaka miwili, jina lake Mapenzi. Kabla yake walikuwa na mwingine, naye alikufa kwa homa.

Nyumba ya pili katika ua huo ilikuwa ya Nyamvula. Huyu alikuwa shangazi yake Gershom, dada wa baba yake. Mama yake Gershom alipofariki, Nyamvula ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa mjane. Maji yakipwa alishuka mikokoni kuvunja chaza, akawauza sokoni. Ulimi wake ulikuwa mkali. Alichokiona alikisema, na alikisema mbele yako.

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, Mapenzi alishikwa na homa. Nyamvula aliingia jikoni akamgusa mtoto shingoni.

"Nyevu."

"Abee, shangazi."

"Mtoto huyu anawaka. Mvushe maji umpeleke hospitali ya kisiwani."

"Nimempa mwarobaini. Atapoa."

"Yule wa kwanza pia ulimpa mwarobaini. Alipoa? Endelea hivyo hivyo, na huyu naye atakufa mikononi mwako."

Maneno hayo yalikuwa machungu. Mtu aliyezika mtoto haambiwi hivyo. Lakini shauri lenyewe lilikuwa zuri, na Nyevu hakulisikia. Alisikia neno moja tu, nalo ni "atakufa".

Jumatatu mwezi ulikuwa mpevu. Unajua mwezi ukiwa mpevu maji ya bamvua hupanda mpaka juu, na huleta kila takataka ya Mombasa. Jumanne asubuhi Nyevu alishuka pwani kutafuta kuni. Palikuwa na jiwe ambalo Nyamvula hulikalia akivunja chaza. Kando ya jiwe hilo, kwenye matope, alikuta nazi.

Haikuwa nazi ya kuanguka mtini. Ilikuwa imefuliwa vizuri na kuachiwa kishungi cha makumbi juu. Ilikuwa imepakwa kitu chekundu. Ilikuwa imefungwa uzi, mwekundu na wa manjano, umezungushwa mara nyingi. Ua moja lililonyauka lilikuwa limenasa kwenye uzi.

Nyevu alirudi nyuma. Mtu yeyote wa huku angewaza alichowaza yeye. Nazi nzuri haifungwi uzi na kutupwa bure. Nazi ya namna hiyo ni kazi ya mtu, tena kazi ya mtu mbaya. Na ilikuwa kwenye jiwe la nani?

Alichomeka kijiti kwenye uzi, akaibeba mbali na mwili wake mpaka uani. Nyamvula alikuwa amekaa mlangoni akisafisha kisu. Nyevu aliitupa miguuni pake.

"Chukua kitu chako."

"Kitu changu gani?"

"Ulisema mwanangu atakufa. Kumbe ulikuwa umeshaanza kazi."

Nyamvula aliitazama nazi, kisha akamtazama Nyevu. "Una wazimu? Nazi hii siijui."

"Imetoka kwenye jiwe lako. Hii damu ni ya nani? Ni ya yule wa kwanza?"

Nyamvula alisimama. Kisu kilikuwa bado mkononi. Alikiweka chini polepole, kwa sababu aliogopa atakachofanya. "Nyevu, nimemkata kitovu mtoto wako kwa mikono hii. Leo waniita mchawi mbele ya watu?"

Watu kweli walikuwa wameshajaa uani. Habari mbaya haihitaji tarumbeta.

Gershom aliporudi kazini alikuta mke analia upande mmoja na shangazi amejifungia upande wa pili. Mtoto alikuwa amelegea. Gershom alikuwa Mkristo wa tangu ubatizo wa babu yake kule Frere Town, kijiji cha misheni. Jumapili aliimba kanisani. Lakini siku ya hofu aliiweka Biblia juu ya kabati, akaenda kumwita Mzee Kaviha, mganga.

Kaviha aliizunguka nazi mara mbili. Hakuigusa.

"Nyekundu hii ni damu," alisema. "Uzi huu umefunga pumzi ya mtoto. Msimvushe maji. Akivuka kabla mchawi hajajulikana, roho yake itabaki huku."

"Basi tufanye nini, mzee?" Gershom aliuliza.

"Kiapo cha shoka. Jumamosi, alasiri."

Kwa wasiokijua, kiapo hicho ni hivi. Shoka hutiwa motoni mpaka liwe jekundu. Kisha mganga hulipitisha juu ya kiganja cha mtu anayeshukiwa. Akiungua ni mchawi, na atafukuzwa. Asipoungua hana hatia. Serikali ilikataza, lakini serikali ilikuwa ng'ambo ya maji.

Nyamvula alifungua mlango. Alikuwa amesikia yote.

"Gershom."

"Naam, shangazi."

"Mkono huu ulikulisha uji."

Gershom aliinamisha kichwa.

"Leteni shoka lenu. Sitakimbia. Lakini nikitoka mzima au nikitoka nimeungua, ni mamoja. Hamtaniona tena katika ua huu, na mtoto akifa mtajua nani kamuua."

Akafunga mlango. Nami nilikuwa pale uani, mwalimu mzima, kalamu mfukoni. Sikuamini kwamba Nyamvula ni mchawi. Sikuamini shoka. Niliogopa kuambiwa kwamba namtetea mchawi, basi nikanyamaza, nikaenda zangu. Mpaka leo najichukia kwa jambo hilo.

Siku nne zilipita. Homa ya Mapenzi ilipanda na kushuka. Hakuna aliyemvusha maji.

Jumamosi asubuhi Gershom alikwenda kazini kama kawaida. Fundi wake aliitwa Velji. Alikuwa Baniani, kama tulivyowaita Wahindi wa dini ya Kihindu. Alifika Mombasa akiwa na miaka minane, na sasa alikuwa na zaidi ya arobaini. Alikaa kisiwani na kila asubuhi alivuka kuja Mtongwe. Alikuwa mtu wa kazi na mwepesi wa kukasirika. Jiwe likikaa vibaya alilitoa hata kama saruji imeshakauka.

"Gershom, hii ni saruji au uji?"

"Samahani, fundi."

"Mara ya tatu leo. Maji ndoo moja, nimesema. Una nini?"

Gershom alitupa sepetu chini. "Leo alasiri shangazi yangu anapitishiwa shoka la moto mkononi. Sijui saruji, sijui uji."

Velji aliacha kazi. "Shoka la moto? Kwa nini?"

Gershom alimweleza. Alieleza habari ya mtoto, ya jiwe, ya nazi. Alipofika kwenye uzi, Velji aliinua mkono kujifuta jasho, na Gershom akakiona kifundo cha mkono wake. Kilikuwa kimefungwa uzi, mwekundu na wa manjano. Uzi huo Velji alikuja nao kazini tangu Jumanne. Gershom alikuwa ameuona siku zote hizo asiufikirie.

"Fundi, uzi huo umeupata wapi?"

"Dada yangu alinifunga Jumatatu. Siku ya mwezi mpevu wa mwezi huu dada humfunga kaka yake uzi. Kaka naye huahidi kumlinda. Kwa nini wauliza?"

"Ndio uzi uliokuwa kwenye nazi."

Velji alimkazia macho. "Nazi ilikuwa na kishungi juu?"

"Ndiyo."

"Na unga mwekundu?"

"Ni damu. Mzee Kaviha amesema ni damu."

"Damu?" Sauti ya Velji ilipanda mpaka vibarua wengine wakageuka. "Jumatatu hiyo hiyo tulishuka pwani kule kisiwani na jamaa zetu. Kila mtu alitupa nazi yake baharini, na mimi nikatupa yangu. Ni sadaka, Gershom. Ni dua. Kama hiyo mliyookota si yangu, ni ya mwenzangu. Na ninyi mnataka kumchoma mama mkono kwa dua yangu?"

Gershom alianza kunawa saruji mikononi.

"Mtoto yuko wapi? Amepelekwa hospitali?"

"Mganga amekataza asivuke."

Velji alisema maneno kwa Kigujarati ambayo sikuambiwa maana yake. Akachukua kopo, akalijaza chokaa kutoka kwenye gunia. "Twende," alisema. "Sasa hivi. Kazi basi."

Walipofika uani watu walikuwa wamekaa duara. Shoka lilikuwa motoni. Nyamvula alikuwa amesimama katikati, amefunga leso mpya, ameinua kidevu. Nami nilikuwapo, nyuma ya watu, bado nimenyamaza.

Velji alipita katikati ya watu bila kuomba njia. "Shikamoo, mama," alimwambia Nyamvula.

"Marahaba."

Kisha akamgeukia Kaviha. "Mzee, nazi ile si ya mama huyu. Ni yetu sisi."

Watu walinguruma. Kaviha alitabasamu kwa dharau. "Baniani amekuja kumtetea. Basi mchawi ni wewe?"

"Umesema ile ni damu?"

"Ni damu. Kila mtu aiona."

"Nani ana manjano jikoni?" Velji aliuliza.

Nyevu mwenyewe, macho mekundu kwa kilio, aliingia ndani akatoka na kijiko cha manjano ya kupikia. Velji alikimimina kwenye kigae. Akaongeza chokaa kidogo kutoka kopo lake na matone ya maji. Akakoroga kwa kidole. Unga wa manjano uligeuka mbele ya macho yetu. Ukawa mwekundu sana.

Aliinua kigae, akakizungusha kila mtu aone. "Nimemchinja nani hapa? Manjano na chokaa. Sisi twaita kanku. Wake zetu hujipaka kwenye paji la uso. Twapaka kila kitu tunachokiheshimu. Na uzi wenu huu hapa." Akainua mkono.

Nyevu alisogea. Aliutazama uzi wa mkononi, akautazama wa kwenye nazi. Ulikuwa mmoja. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Bwana Salem, mwenye duka, alikuwa amekuja kutazama kama wengine. Alitikisa kichwa akacheka. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa," alisema.

Velji alimgeukia. "Bwana Salem, methali hiyo naisikia tangu nikiwa mtoto. Watu waisema huku wananicheka usoni. Mimi hununua mchele kwako. Nimekukosea nini hata niwe mbaya?"

Salem aliona haya. "Ni msemo tu, fundi."

"Na huyu mama kuwa mchawi ulikuwa msemo tu. Sasa shoka liko motoni."

Kisha Salem, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema polepole, "Basi tueleze. Wallahi twakaa nanyi miaka yote hii na hatujui mnaamini nini. Mimi najua Wahindi wanaoswali nasi msikitini. Wengine mwawachoma maiti. Je, ni dini moja?"

"Si moja. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Yuko Mhindi Mwislamu, kama Mabohora na Makhoja. Yuko Mkristo. Mimi ni Mhindu. Na wale mnaowaita Kalasinga, mafundi wa reli wenye vilemba, dini yao ni ya Sikh. Mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, alizaliwa Punjab yapata miaka mia tano iliyopita. Wao husema Mungu ni mmoja na hana sanamu."

"Na dini yako aliianzisha nani?" Gershom aliuliza.

"Hakuna mtu mmoja. Hatuna siku ya kuanza. Kaskazini ya Bara Hindi kuna mto mkubwa uitwao Sindhu. Watu wa nchi za jirani waliwaita wakazi wa huko Hindu kwa jina la mto huo. Zamani sana, zaidi ya miaka elfu tatu, wazee wetu walikuwa na nyimbo za kumsifu Mungu. Walizikariri kwa moyo, baba akamfundisha mwana, kabla hazijaandikwa. Nyimbo hizo ni Veda. Dini imekua kutoka huko, kama mto unavyopokea vijito. Sisi wenyewe twaita dharma. Maana yake ni njia iliyo sawa, na wajibu wa kila mtu."

"Lakini mna miungu mingi," alisema Gershom. "Kanisani tumefundishwa hivyo."

"Gershom, mama huyu ni nani?"

"Shangazi yangu."

"Kwa marehemu baba yako alikuwa nani?"

"Dada."

"Kwa marehemu mumewe?"

"Mke."

"Ni wanawake watatu?"

"Ni mmoja."

"Wengi wetu twasema hivyo juu ya Mungu. Aliye wa kweli ni mmoja, twamwita Brahman. Hana umbo, yumo katika kila kitu. Lakini moyo wa mtu wataka jina la kuita na uso wa kutazama. Basi yupo anayemwita Vishnu, mwenye kuhifadhi. Yupo anayemwita Shiva, mwenye kubomoa ili kipya kije. Yupo anayemwita Mama. Wahindu hatufanani. Hata sisi hubishana. Lakini hatujitengenezei sanamu tukadhani jiwe ndilo lililoumba mbingu. Mimi ni mwashi, bwana. Jiwe nalijua."

Watu wengine walicheka kidogo. Kaviha hakucheka.

"Na nazi?" Nyamvula aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu amwitikie salamu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mimi nilikuwa nichomwe kwa ajili ya nazi. Nataka kujua ya nini."

Velji alishusha sauti. "Mama, kwetu ni nchi ya mabaharia. Msimu wa mvua na dhoruba hakuna anayesafiri. Msimu huo ukikaribia kwisha, siku ya mwezi mpevu, twampelekea bwana wa maji zawadi. Twamwita Varuna. Twamwomba bahari itulie, wasafiri warudi. Twatoa nazi kwa sababu ni tunda safi, ndani yake hapajaguswa na mkono. Tulipohamia Mombasa tulikuja na desturi hiyo. Mimi mwaka huu nilimwombea kaka yangu aliye safarini. Sikumwombea mtu mabaya. Dini yangu yanikataza."

"Yakukatazaje?"

"Twaamini kila tendo ni mbegu. Hiyo ndiyo karma. Ukitenda wema utavuna, ukitenda ubaya utavuna, kama si maisha haya basi yajayo. Twaamini roho haifi na mwili. Ndiyo maana twachoma maiti, Bwana Salem. Moto hula mwili tu. Roho huenda ikazaliwa tena, na tena, mpaka itakaswe na kuwa huru. Uhuru huo twauita moksha. Sasa mtu anayeamini hivyo, akimroga mtoto wa jirani, amemroga nani? Amejiroga mwenyewe. Nasi tuna neno ahimsa, yaani kutomuumiza kiumbe. Ndugu zetu Majaini walishika neno hilo hata wengine wao hufagia njia wasikanyage sisimizi. Na Buddha, ambaye dini yake pia ilitoka kwetu, alifundisha kuwahurumia wote wenye uhai. Hayo ndiyo mafundisho. Kutenda ni jambo jingine."

Alijifuta kidole chenye kanku. Alipoendelea, hasira ilikuwa imerudi.

"Nami sitawadanganya. Sisi tuna aibu yetu. Kule kwetu wako watu walioitwa najisi tangu kuzaliwa. Wakatazwa kuteka maji kisimani pamoja na wengine. Wakatazwa kuingia hekaluni. Wanaowakataza husema ni dini. Mimi nasema ni ukatili uliovaa nguo za dini. Nikiwa mtoto niliona mama mmoja akipigwa mawe kwa sababu ndoo yake iligusa kamba ya kisima. Hakuna aliyemuuliza neno. Leo nimeingia hapa nimemwona yule yule."

Kaviha aliokota mfuko wake. "Shoka limeiva. Mwataka kiapo au mwataka hotuba?"

Hapo ndipo nilipopata ulimi, nimechelewa kama kawaida yangu. "Hatutaki kiapo," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo. Nikairudia kwa nguvu. "Hatutaki kiapo. Mtoto aende hospitali."

Gershom alichukua ndoo ya maji akaimwaga motoni. Shoka lilipiga kelele na kutoa mvuke. Kaviha alikwenda zake akinung'unika. Gershom akaingia ndani, akatoka na Mapenzi kifuani. "Nyevu, twende."

"Mganga alisema asivuke," Nyevu alisema kwa sauti ndogo.

"Mganga alisema manjano ni damu."

Walivuka alasiri ile ile. Hospitalini daktari alipima damu. Ilikuwa malaria. Aliwagombeza sana, na walistahili. "Mngengoja siku mbili zaidi mngeleta maiti," alisema. Mtoto alipewa kwinini, akalazwa siku sita. Siku ya nne aliomba uji.

Lakini hadithi haiishi na uji. Nyevu aliporudi alikwenda mlangoni kwa Nyamvula, akapiga magoti.

"Shangazi, nisamehe."

Nyamvula hakuinuka. "Ulinitukana wapi?"

"Uani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi nenda kaniombe radhi mbele ya watu. Hapa mlangoni pangu sisikii."

Jumapili iliyofuata watu waliitwa uani. Nyevu alisimama pale pale alipoitupa nazi. Alisema, "Nilimwita shangazi yangu mchawi. Nilisema uongo. Aliniambia nimpeleke mtoto hospitali, nami sikusikia." Gershom akasema yake. Kisha mimi nikasimama nikasema kwamba niliona ubaya nikanyamaza. Nyamvula alisikiliza wote. Hakulia wala hakumkumbatia mtu.

"Nimesikia," alisema. "Nimesamehe. Sikusema nimesahau."

Hakuhama. Lakini kwa mwaka mzima alimjibu Nyevu salamu tu, basi. Nyevu alipoleta mboga, alizipokea na kufunga mlango. Wengine walisema ana roho ngumu. Mimi nawauliza hao, ni nani kati yao amewahi kusimama mbele ya shoka jekundu huku jamaa zake wakitazama?

Mengine yalibadilika. Nilimwomba fundi Velji aje darasani kwangu mara moja. Akaja, akaulizwa maswali mpaka mimi nikachoka. Salem aliacha ile methali, angalau mbele za watu. Na Gershom siku hizi mtoto akipata homa haingoji ipande.

Mwaka uliofuata mwezi mpevu wa Agosti ulifika tena. Kesho yake maji ya bamvua yalipopwa, watu walioshuka mikokoni walisimama. Kwenye matope palikuwa na nazi, ina kishungi na unga mwekundu na uzi. Wanawake wawili walirudi nyuma. Mmoja akasema, "Msiiguse."

Nyevu alikuwa nao, Mapenzi amemshika nguo. Alimwacha mtoto kwenye mchanga mkavu. Akaingia katika matope mpaka magotini, peke yake, akaishika nazi kwa mikono yote miwili. Akaifuta tope kwa leso yake. Kisha akaenda nayo mpaka penye maji yaendayo, akaiachilia. Ilielea, ikazunguka, ikachukuliwa na mkondo.

Alipogeuka, Nyamvula alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, kisu cha chaza mkononi. Alikuwa ameona yote.

"Mwaka huu umeuliza kwanza?" alisema.

"Nimeuliza, shangazi. Fundi alisema mkiikuta, irudisheni majini."

Nyamvula alivunja chaza mmoja, akamtia kikapuni. Kisha akasogea kidogo, jiwe likabaki na nafasi.

"Njoo unawe matope," alisema. "Na umlete huyo mtoto."